Sura ya Tisa: Nati ya Gurudumu la Kushoto

Saa tatu na nusu asubuhi Inspekta Adija alimkuta Mzee Eliufoo ameketi barazani kwake Marangu, amevaa suti yake ya kanisani, na miguuni ana mfuko wenye blanketi, sabuni na Biblia. Alikuwa anangoja kwenda jela. Hakuna aliyemwambia ajiandae. Mwenyewe alikuwa ameshajihukumu tangu Jumamosi, na kilichobaki kwake ilikuwa gari la kumpeleka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mama. Umekuja na ile karatasi? Nipe nisaini twende.”

Karatasi ilikuwa mkobani. Ilikuwa ya maelezo ya kukiri kosa, na mkuu wa upelelezi alikuwa amempa Adija mpaka saa nane mchana kuileta imesainiwa, ili jalada lipelekwe kwa wakili wa serikali na kesi ianze. Kusababisha kifo kwa uzembe. Kwa mtu wa miaka sitini na tisa mwenye pumu, hata kifungo kifupi kilitosha kummaliza.

Aliyekufa ni Goodness, mkwe wa Mzee Eliufoo, mke wa mtoto wake pekee, Jackson. Jumamosi asubuhi alipanda ile pikipiki ya magurudumu manne ambayo kijiji kizima kiliiita kwadi, akafunga madumu mawili ya maziwa nyuma, akatelemka kuelekea kituo cha kukusanyia maziwa. Kwenye kona ya mfereji usukani ulikata kulia, gurudumu la kushoto likabaki linaangalia bondeni. Walimkuta chini mita kumi na mbili. Alizikwa Jumanne nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na leo ilikuwa Alhamisi.

Kwadi ile Mzee Eliufoo aliinunua mbovu kutoka kambi moja ya watalii iliyofungwa, akaifufua kwa mikono yake, na tangu siku hiyo haijawahi kuguswa na fundi mwingine. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi aliinyanyua kwa jeki na kuukagua usukani mwenyewe. Ijumaa iliyopita alibadilisha vichwa vya tairodi pande zote mbili, yaani vile viungo vya ncha ya chuma kinachotoka kwenye usukani kwenda kugeuza gurudumu. Kesho yake kiungo cha kushoto kilichomoka. Fundi wa polisi, Rogath, aliandika kwamba nati haikuwepo wala pini yake ya kuizuia isijifungue, na akaongeza kwa kalamu yake ya dharau kwamba haya ndiyo matokeo ya watu kujifanya mafundi.

Mzee mwenyewe hakubisha. Alisema anakumbuka kuweka pini ya kulia, ya kushoto amejiuliza mpaka hajui tena. Lakini kilichomfunga kamba hasa yalikuwa maelezo ya Eliakim, jirani na rafiki yake wa miaka arobaini, aliyekuwa naye siku ile akimshikia usukani. Eliakim alisema, huku analia, kwamba aliona kwa macho yake rafiki yake akiinuka kwenda kunywa chai bila kuweka pini ya kushoto. Adija ndiye aliyeyachukua maelezo hayo msibani. Alimwonea huruma mpaka akampa leso yake.

Siku iliyofuata alipoteza muda wake kwa Jackson. Kijana ana kigereji cha pikipiki Bomang'ombe, anajua kufungua nati kuliko baba yake, na majirani walishanong'ona kwamba yeye na mkewe walikuwa hawaelewani tangu sikukuu. Adija alikwenda huko, akakaa juu ya tairi na kuuliza maswali saa mbili nzima. Ikathibitika kwamba tangu Alhamisi mchana Jackson hakutoka pale, alikuwa anashusha injini ya bodaboda ya mteja mkali aliyekuwa anamsimamia kichwani, na usiku alilala kwa mwenye nyumba. Na kutoelewana kwenyewe kulihusu jina la mtoto ambaye hata mimba yake ilikuwa haijaingia. Adija alirudi Moshi anajiona mjinga.

“Kabla hujasaini,” alimwambia mzee sasa, “nataka unifundishe kazi yako. Twende kwenye kwadi.”

Vijana walikuwa wameivuta kwa kamba kutoka bondeni, wakairudisha kwenye banda lake pembeni ya zizi kwa sababu kituo hakikuwa na gari la kuibeba. Ilikuwa imezungushiwa utepe wa polisi. Mzee Eliufoo alisimama mlangoni mwa banda, akaitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyeng'ata mtoto. Tangu Jumamosi alikuwa hajaingia humo.

Adija alizaliwa Majengo, mjini, kwa baba aliyekuwa mchomeleaji. Alijua kwamba watu wa kazi za mikono ukiwaambia wakueleze kosa lao watatokwa na jasho, lakini ukiwaambia wakueleze kazi yao watasahau hata kama wana pingu. Akavua koti, akapiga magoti upande wa kulia, ule mzima, akamwita.

Mzee alikuja. Akachutama kwa shida, na kidole chake kikaanza kuzungumza kabla ya mdomo. Alieleza kwamba hapa unafungua nati kwa spana namba kumi na saba, unagonga chuma pembeni, usigonge boliti, mpaka kiungo kiachie. Unapokizungusha kukitoa unahesabu mizunguko, maana ukirudisha kipya kwa mizunguko pungufu gurudumu litaangalia upande. Yeye alihesabu kumi na minane. Unaweka kipya, unakaza nati mpaka pengo lake lilingane na tundu la boliti, unapitisha pini, unaikunja miguu yake, mmoja unaulaza juu ya kichwa cha boliti.

“Na hii rangi nyekundu?”

“Rangi ya kucha. Alinipa Goodness. Naichora mstari mmoja kutoka kwenye boliti kuja kwenye nati. Nati ikisogea hata kidogo mstari unakatika, nauona bila kushika spana. Yeye alikuwa ananicheka, ananiambia baba unaipamba kwadi kuliko mimi.”

“Unapaka wakati gani?”

“Mwisho. Baada ya pini. Nikishapaka nimefunga kazi, nanawa mikono.”

“Huwezi kupaka kabla ya pini?”

“Nipake nini wakati sijamaliza?” Aliuliza kwa mshangao wa kweli, kama vile ameulizwa kama huwa anavaa viatu kabla ya soksi.

Adija akazunguka upande wa kushoto, akalala chali kwenye vumbi na mavi makavu ya ng'ombe, akawasha tochi ya simu. Kiungo kilikuwa kinaning'inia, boliti yake iko wazi, imechafuka kwa tope. Akaifuta taratibu kwa kitambaa. Juu ya kichwa cha boliti palikuwa na wekundu. Rogath alikuwa ameuona pia, kwa sababu kwenye taarifa yake aliandika “mabaki ya rangi”, akaishia hapo. Adija akasogeza tochi. Ule wekundu ulikuwa umekatwa katikati na mstari mwembamba wa chuma kitupu, umenyooka, upana wa mguu wa pini. Akachungulia ndani ya tundu. Lilikuwa safi. Pini ikikatika yenyewe huacha kipande humo ndani. Hapa hapakuwa na kitu.

Alikaa chini ya kwadi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akapiga picha sita. Rangi ilipakwa wakati pini ipo. Ilimwagikia juu ya mguu wa pini, na pini ilipotolewa iliondoka na sehemu yake, ikaacha kivuli chake pale. Mzee Eliufoo hakusahau kitu. Alimaliza kazi, akaipamba, akaenda kunawa mikono, na baada yake mtu mwingine alikuja na plaizi na spana akaichomoa pini, akailegeza nati, akaiacha ishike kwa nyuzi mbili tatu ili itoke yenyewe njiani.

Hakumwambia mzee. Mtu aliyejihukumu siku tano humwachii huru kwa nusu ya habari.

Alipotoka bandani alimkuta Koplo Faraja anapanda kutoka barabarani, amelowa mpaka magotini. Alikuwa amemtuma tangu alfajiri na watu wawili wapekue mtaro kutoka langoni mpaka kwenye kona. Faraja alifungua kiganja. Ilikuwa nati yenye mapengo juu, imepatikana mita mia mbili tu kutoka nyumbani, kwenye mawe ya kwanza yanayotikisa. Ubavuni ilikuwa na mstari mwekundu.

“Afande, huyu meku, mzee wa watu, hana kosa,” Faraja alisema kwa sauti ndogo.

Adija alimwambia anyamaze, aende akanawe miguu.

Mama Priska, mke wa mzee, aliwakaribisha ndani. Aliweka chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha mezani, akaketi mbali, mikono mapajani. Mwanamke huyu alikuwa anapoteza wawili kwa mpigo, mkwe kaburini na mume gerezani, lakini bado aliona aibu mgeni kunywa chai bila kitafunwa. Adija alikunywa huku anatazama ukuta. Juu ya mlango wa chumbani, limechomekwa kwenye ubao, palikuwa na jani la isale limefungwa fundo. Lilikuwa limeanza kukauka nchani tu. Halikuwa na zaidi ya wiki mbili.

Yeye si Mchaga, lakini huwezi kukulia Moshi usijue isale. Mtu aliyekukosea akikuletea jani hilo anakuomba msamaha, na ukilipokea umesamehe, jambo limezikwa. Hulifukui tena hata mkigombana kwa lingine.

“Mzee, hili isale ni la nani?”

Mzee Eliufoo aliinamisha kichwa. “Hilo jambo limekwisha, mama.”

“Nauliza aliyelileta.”

“Aliyelileta nimempokea. Sisi likishapokelewa halitajwi tena. Hata kwa polisi, unisamehe.”

Hivi ndivyo mtu mwaminifu anavyojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Siku tano polisi walikuwa wamemuuliza kama ana ugomvi na mtu, naye siku tano alijibu hana, na kwa dini yake na kwa mila yake alikuwa anasema kweli. Adija hakumsukuma. Alimwomba maji ya kunawa, na mzee alipotoka kuyafuata akamgeukia mkewe.

Mama Priska hakuwa amepokea isale lolote. Alianza kuzungumza kwa sauti ya chini, mambo ya kawaida tu, kama mtu anayehesabu yaliyoharibika. Alisema Jumatatu ilikuwa siku ya baraza la kata, wameahirisha kwa ajili ya msiba. Mjane Ndelilio wa huku chini alikuwa amepeleka malalamiko kwamba mpaka wa kihamba chake, shamba la urithi la mumewe, umesogezwa, masale ya zamani yaliyokuwa alama ya mpaka yameng'olewa na mengine yamepandwa ndani ya kahawa yake. Wazee walioujua mpaka wa zamani wote wamekufa, amebaki Eliufoo peke yake. Yeye ndiye alikuwa aseme. Sasa mtu aliye jela atasemaje?

“Anapakana na nani, huyo Ndelilio?”

“Na Eliakim.” Mama Priska alilitaja jina hilo bila chuki. “Lakini wao walishapatana. Walikaa wiki mbili hawasalimiani, Alhamisi ya wiki iliyopita ikaisha. Ijumaa si ndiyo alikuja wakatengeneza kwadi pamoja? Eliakim ni mtu mwema. Hata katikati ya msiba, Jumapili, watu wamejaa hapa, alikumbuka kurudisha spana.”

Adija aliweka kikombe chini. “Spana gani, mama?”

“Ya Baba Jackson. Kumi na saba. Aliiazima Ijumaa walipomaliza, akakaze mashine yake ya kumenyea kahawa. Alinipa mimi mkononi.”

Kihamba cha Eliakim kilikuwa dakika nne kwa kufuata kijia katikati ya migomba. Adija alikwenda na Faraja, na spana ya kumi na saba mkobani. Njiani alipita kwenye mpaka wa Ndelilio. Masale yalikuwa mabichi, ya msimu huu, yamepandwa yakaukata katikati mstari wa mibuni ambayo ni dhahiri ilipandwa na mkono mmoja. Hata yeye wa mjini aliliona hilo, na wala hakuhitaji kusimama.

Eliakim alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mashine, mikono imejaa maganda mekundu ya kahawa. Alikuwa mzee mzuri wa sura, mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa. Alifurahi kumwona. Alimwita mwanangu, akamletea kigoda, akakifuta kwa mkono wa shati lake. Adija alikaa. Alisema amekuja kufunga jalada, mkubwa wake anataka maelezo ya Ijumaa yaandikwe upya yakae vizuri, yeye asimulie tu.

Eliakim alisimulia, na alisimulia vizuri sana. Yeye alikuwa amekaa juu ya kwadi, anageuza usukani kulia na kushoto kama anavyoamriwa, mwenzake amelala chini anatazama kama viungo vinacheza. Mtu mmoja hawezi kazi hiyo, lazima wawe wawili. Upande wa kulia ulikamilika wote. Upande wa kushoto Eliufoo alikaza nati, mkewe akaita chai, akainuka, hakurudi tena upande ule.

“Uliona mwenyewe kwamba pini haipo?”

“Niliona tundu tupu. Nikaona haya kumkumbusha, yeye ndiye fundi. Hilo ndilo linaloniua, mwanangu.”

“Na ile rangi yake nyekundu? Kushoto alipaka?”

“Hata tone. Angepakaje wakati hajamaliza?”

Adija aliandika neno kwa neno, akamsomea, akampa asaini. Eliakim alijifuta maganda ya kahawa kwenye suruali, akasaini kwa mwandiko wa shule ya zamani. Kisha Adija akaitoa spana.

“Hii uliiazima Ijumaa kwa kazi gani?”

“Hiyo?” Macho yake yaliishukia ile spana, yakapanda. “Kwa mashine hii. Ilikuwa imelegea, na kahawa imeiva.”

“Nionyeshe nati uliyoikaza.”

Alionyesha mojawapo mguuni mwa mashine. Adija akainama, akaivisha spana. Ikazunguka bure, haikushika. Akajaribu ya pili, ya tatu. Mashine ile ilikuwa na nati nane, naye alizijaribu zote nane bila haraka, na Faraja akasimama anahesabu kwa sauti. Hakuna hata moja iliyokuwa ya kumi na saba. Zote zilikuwa ndogo.

“Labda ilikuwa nyingine. Nimezeeka, nachanganya.”

“Uliyorudisha Jumapili ni hii. Mama Priska aliipokea mkononi mwake.” Akaweka nati juu ya mashine, kati yao, upande wa mstari mwekundu ukimtazama yeye. Akamwonyesha picha kwenye simu, akamweleza kile kivuli cha pini kwa maneno machache. “Mzee Eliakim, umesaini sasa hivi kwamba hakupaka hata tone. Kulikuwa na sababu moja tu ya kusema hivyo. Ulijua kwamba yeye akishapaka amemaliza.”

Eliakim alitazama nati. Alikaa kwenye ukingo wa mashine.

“Nilitaka aumie tu,” alisema. “Avunjike mguu. Jumatatu asifike barazani.”

“Ulimpelekea isale Alhamisi.”

“Nilimpelekea.”

“Na Ijumaa ukaazima spana.”

Alieleza mengine, kwa sauti ya mtu anayesoma risala: Ijumaa jioni Eliufoo na mkewe walikwenda ibada ya jumuiya nyumba ya tatu, yeye akasema kahawa inamngoja, akaingia bandani wakati wanaimba, alizisikia nyimbo akiwa chini ya kwadi. Jumamosi ni Eliufoo anayetelemka na maziwa, miaka yote, hajawahi kukosa. Nani angejua kwamba siku hiyo ataumwa homa, atelemke mkwewe?

“Goodness alinibebea maji nilipofiwa na mke wangu,” Eliakim alisema, na sasa alikuwa analia kweli, au alilia vilevile kama alivyolia msibani. Adija hakuweza kuona tofauti, na hilo lilimkera kuliko lolote. “Mungu ni shahidi yangu. Nilikwenda asubuhi kuchukua chupa yangu ya maziwa, nikakuta ameshatelemka. Ningewahi dakika mbili tu, ningejua ni yule binti, ningemzuia. Ningemlalia mbele ya magurudumu. Andika hivyo.”

Aliandika hivyo. Alimchukia mzee yule kwa yale machozi, kwa leso yake aliyompa, kwa kumwita mwanangu, lakini hilo moja alilisadiki. Hata mtu mbaya ana mahali anapoishia. Akamwambia Faraja amfunge pingu mbele, si nyuma, kwa sababu ya umri, wampitishe kijia cha juu ili asipite kwenye kaburi.

Ilikuwa saa saba kasoro aliporudi kwa Mzee Eliufoo. Alimkuta amesimama kwenye ngazi. Aliomba wakae, wote watatu. Kisha akamwambia mzee kwamba pini aliiweka. Akamwonyesha picha, akamwonyesha ile nati, na mzee akaishika kati ya vidole viwili, akaugusa ule mstari. Mama Priska alianza kumshukuru Mungu kwa Kichaga, amefunika uso kwa kanga.

Mzee hakushukuru. Aliuliza, “Nani?”

Adija alimwambia jina. Alilisema kwa upole kadiri alivyoweza, lakini jina halina namna mbili za kulisema.

Mzee Eliufoo aliirudisha nati mkononi mwa Adija. “Siku tano nimelala na kosa langu,” alisema. “Lilikuwa zito, lakini lilikuwa langu. Nilikuwa nimeshalizoea. Hili utanipa niliweke wapi?”

Adija alimpa alichokuwa nacho, kile kidogo alichodhani kitafariji: kwamba Eliakim hakumkusudia Goodness. Kwamba alifika asubuhi kuchukua maziwa, akakuta binti ameshatelemka, na amekula kiapo kwamba angemwona angemzuia.

Mzee aliinua uso. “Amesema alikuta ameshatelemka?”

“Ndivyo alivyoandikisha.”

Mzee Eliufoo aligeuka, akatazama dirisha la chumba chake cha kulala, kisha lango la mti lililokuwa chini ya dirisha hilo, zito, lenye komeo la chuma.

“Nilikuwa kitandani na homa,” alisema. “Nilikuwa nawatazama. Goodness hakushuka kwenye kwadi kufungua lango. Eliakim ndiye aliyemfungulia lango. Alimwambia aende salama, akalifunga nyuma yake. Halafu akaingia ndani, akaketi kitandani kwangu, akanishika mkono, akaniuliza homa imepungua. Tulikuwa tumeshikana mikono hivyohivyo tuliposikia watu wanapiga yowe kule kwenye mfereji.”